Watu wa Mji wa Eustache

"Mama Eustache, hivi wajukuu zako ni wangapi?" Azmina, jirani yake mzaliwa wa Mwanza, aliwahi kumuuliza Libérata walipokuwa wakisubiri lifti. Libérata alijibu kwamba wapo, Mungu anawalinda, akamtajia majina yao. Kwao Uvira, Kongo, mtoto hahesabiwi kama mbuzi. Azmina alicheka, akasema basi serikali ya Kanada itapata tabu na wewe, maana kila miaka mitano inataka idadi.

Serikali ilihesabu watu mwaka wa tisini na sita. Miaka miwili baadaye, Jumamosi moja asubuhi, Eustache alikuja kwa mama yake Mount Dennis, Toronto, na karatasi ya hesabu hiyo aliyopewa kwenye ofisi ya mji wake. Ulikuwa mji mdogo wa mashambani, saa tatu kwa gari, alikohamia kabla ya hesabu hiyo na mkewe Yvette na watoto ili afanye kazi kwenye kiwanda cha kuchinja batamzinga. Alitaka arudi huko na mama yake siku hiyo hiyo. Libérata alikuwa amemwambia tangu mwanzo: tangu tumzike baba yako, kinachonisimamisha ni ibada ya Kiswahili na akina mama wenzangu wa maombi. Nionyeshe huko nitasali na nani, nitakuja.

Eustache akaitandaza karatasi mezani, akaanza kumsomea. Watu elfu mbili na mia moja; miaka mitano nyuma walizidi hapo kwa mia tatu, vijana wanahama. Kipato kimeshuka tangu kiwanda cha viatu kifungwe, lakini kwa kodi ya chumba kimoja cha Toronto unapata nyumba nzima na bustani yake. Wazungu ndio karibu wote, hilo hakuficha. Kisha akaweka kidole chini kabisa.

"Na weusi wapo, Mama. Imeandikwa hapa. Hatuko peke yetu."

Libérata akavaa miwani. Kiingereza kilimshinda, lakini tarakimu alifundishwa na masista akiwa mdogo. Aliona tano. Akaanza kukunja vidole, polepole, akitaja majina kama anavyowaombea kila alfajiri. Eustache. Yvette. Brice. Mélissa. Gaël. Mkono ukajaa.

"Eustache, mwanangu," alisema, "hawa ni nyinyi."

Eustache akaivuta karatasi. Midomo yake ikapita kwenye majina yale yale, ikasimama. Mama yake aliona kwamba hakuwa amemdanganya. Yeye mwenyewe ndiye aliyemlea asihesabu watoto, naye Eustache hakuwahi kuwahesabu. Wiki nzima alikuwa akiwatafuta hao watano dukani na kanisani, na Yvette alishasema wakipatikana atawapikia sombe, kisamvu cha kwao.

"Gaël hajui tena Baba Yetu," Eustache alisema, macho mezani. "Ananiitikia kwa Kiingereza. Yvette anaimba peke yake jikoni. Lakini sina cha kukuonyesha, Mama. Baki tu na wenzako."

Libérata akaenda chumbani. Eustache alisikia kabati likifunguliwa, droo ikifungwa. Aliporudi alikuwa amevaa koti la baridi na kitambaa cha kichwa, Biblia kwapani, mfuko wa nguo mkononi. Akazima jiko. Akampita mwanawe aliyekuwa bado ameketi, akafungua mlango na kushuka kumsubiri kwenye gari lake.