Nani Anamjua Cirhuza?

Kwetu bunduki haikuwa na maswali. Vijana wasioota ndevu walipewa huko msituni kama mtu anavyopewa jembe, na hakuna aliyeuliza huyu ni mtoto wa nani, ana akili timamu, amewahi kumpiga mtu. Ndiyo maana nilipofika Malawi na kumkuta mzee mwenye bunduki mbili ambazo polisi wanajua hadi kabati zinamolala, nilicheka moyoni. Baadaye nikaacha kucheka. Nikaanza kuipenda ile sheria kuliko mzee mwenyewe alivyoipenda.

Mzee huyo ni bambo, yaani bwana, Kanyenda wa Area 47, Lilongwe, mstaafu wa kazi ya kupima ardhi. Burudani yake ni kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Anakutana na wazee wenzake kwenye shamba la mmoja wao nje ya mji, wanavipasua visahani, wanataniana, wanakunywa chai, wanarudi kwa wake zao. Risasi ni ghali, kwa hiyo yeye hatupi maganda yake. Anayaokota kwenye majani, anayapeleka kibandani nyuma ya nyumba na kuyajaza upya: fataki mpya, baruti, kisha marisau, zile chembe ndogo zinazotawanyika, halafu anayafunga mdomo. Mimi alinikuta soko la Tsoka nikinoa mikasi ya mafundi cherehani. Alitazama mikono yangu kabla ya uso, akaniuliza kama naiweza kazi isiyotaka haraka. Bukavu nilikuwa fundi wa kukereza vyuma, nikamjibu kwamba haraka sijawahi kuwa nayo.

Basi kila nilipopata ruhusa ya kutoka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, nilikwenda kwake. Kazi yangu ilikuwa maganda matupu tu: kuyafuta, kutenga yaliyopasuka, kupanga kila aina peke yake. Mwanzoni niliyapangia mlangoni, penye upepo. Harufu ya baruti iliyoungua ina mambo yake kwa mtu kama mimi, na adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Lakini mikono huzoea kabla ya moyo, na kile kibanda kilikuwa na utulivu nilioupenda. Mzee aliwasha redio yake ndogo, tukafanya kazi bila kusemeshana, mpaka mke wake alipotuletea nsima, ugali wa huku. Ni mahali pekee katika nchi hii ambapo niliitwa fundi.

Mwaka jana mikono ya mzee ikaanza kutetemeka. Mwenye mikono ya kutetemeka hafai kupima baruti, na yeye alilijua hilo kabla mtu hajalisema. Akaniambia mambo ni mawili: ama mimi nishike mizani, ama auze vyombo vyote na kibanda kifungwe. Ila ili niguse baruti, polisi lazima wanichunguze. Watataka kujua mimi ni nani, na watakwenda ninakoishi kuwauliza watu wanaonijua. Aliyasema haya kwa sauti ya kuomba radhi, akidhani yataniudhi.

Hayakuniudhi hata kidogo. Nilifurahi, tena sana. Watu wangu watatu waliuawa na kijana mwenye bunduki ambaye mtaa mzima ulijua kwamba hafai kukabidhiwa hata kisu cha kumenyea mihogo. Laiti aliyempa ile silaha angepita kwanza pale mtaani akauliza, hata kwa mama mmoja muuza ndizi, mimi leo nisingekuwa mtu wa kambini. Kwa hiyo nilimwambia bambo Kanyenda, waende wakaulize. Waulize sana.

Tena nilikuwa na uhakika na majibu. Dzaleka nyumba yangu imeshikana ukuta na ya Mrundi mmoja, Irangabiye, fundi wa baiskeli za kabaza, zile zinazobeba abiria. Akipiga chafya, namwombea afya nikiwa kitandani kwangu. Mke wake, Epiphanie, aliona zamani kwamba Jumapili kwangu hakutoki moshi, na tangu hapo kila tukitoka misa nakula kwao maharagi. Nikishikwa na malaria, Irangabiye ndiye anayenipakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, huku akinitukana njia nzima kwa kutolala ndani ya chandarua. Husemwa jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali, na mimi ndugu wa mbali sina, kwa hiyo huyu alikuwa bora kwa pande zote.

Simu ya bambo Kanyenda ilikuja wiki chache baadaye. Alizunguka sana kabla ya kufika penyewe. Ofisa alikwenda Dzaleka, akauliza mstari wetu wote wa nyumba, na hakupata mtu hata mmoja anayenijua. Hata jirani wa kushikana ukuta alisema ananiona tu nikipita. Mzee akanieleza kwamba faili halijafungwa, kwamba atangoja mpaka mvua ziishe ndipo auze vyombo. Kisha akaniuliza, kwa upole ulionikera kuliko tusi, kama ni kweli naishi pale ninaposema naishi.

Nilikata simu bila kuaga. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na nikalirudia tena na tena mpaka nikafika mbele ya Irangabiye aliyekuwa amepindua baiskeli ya mtu na kunyoosha gurudumu. Nilijiandaa kumwambia maneno ambayo hayarudishiki. Yeye aliponiona akatabasamu, akafuta mikono na kunivutia kigoda.

"Vieux, nilikuwa nakungojea," akasema kwa sauti ya chini; Vieux, yaani mzee, ndivyo wanavyoniita. "Balikuya polisi juu yako, na faili. Banauliza mambo ya bunduki. Mi nikasema huyu muntu simujui. Nikatuma Epiphanie apite nyuma, nyumba kwa nyumba, abaambie bote basikutaje. Hata Mama Merveille na mudomo yake ile, hakusema kitu. Tulikuficha muzuri."

Nilikaa kwenye kigoda. Hasira yote niliyokuja nayo ikakosa pa kushukia, maana uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesubiri asante. Na alistahili. Huko tulikotoka, mtu mwenye faili akija kumuuliza jirani yako, humjui, hujawahi kumwona, huna hakika hata kama ile nyumba ina mtu. Waliojibu vizuri kwa ofisa mpole walikwenda matangani kwa jirani wiki hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nimewahi kumkana hivyo mtu wa Uvira hapa hapa kambini, na alikuja kunishukuru. Katika furaha yangu ya kupendana na sheria ya watu, nilisahau kuwaonya wangu kwamba safari hii wanaouliza wanauliza kwa wema.

Nilimweleza pole pole. Nilimwambia kuhusu baruti, mizani na kibanda kitakachofungwa. Alisikiliza akiwa ameshika spana, na kadiri nilivyoendelea ndivyo uso ulivyomshuka. Mwisho akasema tu kwamba kesho tunakwenda wote Dowa, kwenye polisi wa wilaya, na yeye atasema mbele yao kwamba ananijua. Epiphanie akampigia pasi shati lake la kuendea harusi za watu.

Ofisa wa Dowa Boma alikuwa kijana mstaarabu. Alituletea viti yeye mwenyewe, akanitaka mimi nisijibu lolote, akafungua faili. Irangabiye alisema Chichewa chake cha kabaza, lugha ya huku aliyoiokota kazini, bila kuona haya: huyu ninamjua, ni mtu wangu, siku ile niliogopa. Ofisa akaitikia kwa kichwa. Akasema anaelewa woga wa watu wa kambini, na kwamba sasa atauliza maswali madogo tu.

Baba yake anaitwa nani? Irangabiye akanigeukia. Nikatazama miguu yangu, kama nilivyoagizwa. Akasema hajui. Alizaliwa kijiji gani? Kongo. Kongo wapi? Bukavu, au karibu na Bukavu. Wakati wa vita alikuwa wapi, alikuwa na watu gani, aliwahi kushika silaha? Hapo Irangabiye alitikisa kichwa tu, akafuta paji la uso kwa mkono wa lile shati. Sikumlaumu. Kambini tuna adabu yetu ya kutomchimba mtu. Hatuulizani umemwacha nani, umemzika nani, vita vilikukuta upande upi. Utakula na mtu miaka, utabeba jeneza la mtoto wake, na bado hujui ametoka kilima gani. Wageni wakituona wanadhani hatupendani.

"Ana watoto?" ofisa akauliza.

Hili Irangabiye alilishika kwa furaha, kama mtu aliyeona mwishowe swali analoliweza. Akasema hana. Hana mtoto, hakuwahi kupata, yuko peke yake maskini. Alilisema kwa huruma ya kweli, na akaniwekea mkono begani.

Niliwahi kuwa na Moïse na Arlette. Mama yao alikuwa Louise. Kwetu mwanamume huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na huko Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, hakuna aliyejua jina langu jingine zaidi ya Papa Moïse. Dzaleka wote wanaitwa hivyo, Papa Ganza, Mama Merveille, ila mimi ni Vieux Cirhuza. Walidhani ni kwa sababu sina wa kunipa jina, nami sikuwasahihisha. 

Kijana yule hakuwa na haraka. Akamwambia Irangabiye basi aseme chochote anachokijua, hata kidogo. Irangabiye akafunguka. Alisema sinywi pombe wala sipigani na mtu. Nikila nataka pilipili iwekwe pembeni, si ndani ya mboga. Mguu wangu wa kushoto unauma mvua ikikaribia, na ndiyo maana wao huanika mahindi yao kwa kuniangalia mimi. Ofisa akacheka, akaandika. Kisha Irangabiye, akitaka kunisaidia zaidi, akaongeza lile ambalo hakuwahi kuniambia mimi mwenyewe.

"Usiku anaita bantu ndani ya usingizi," akasema, na sasa Chichewa kilikuwa kimemwishia, ikabidi anigeukie mimi nitafsiri. "Analia sana. Mi nagonga ukuta kidogo, njo ananyamaza. Mubaambie, Vieux. Baone kama mi nakujua."

Nilitafsiri. Ningeweza kusema jambo jingine na ofisa asijue, lakini nilitafsiri neno kwa neno. Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaandika. Yule kijana alifunga faili bila kishindo, akasema hatalikataa ombi langu. Ataliacha wazi. Nimletee mtu mmoja tu anayeweza kueleza nilikuwa nani kabla ya kufika hapa, mtu mmoja anatosha. Alikuwa sahihi. Ningekuwa mimi upande ule wa meza, na mbele yangu yuko mtu ambaye hakuna anayejua baba yake, naye usiku analia, nisingempa baruti. Hiyo ndiyo sheria niliyoipenda.

Tulitoka nje. Irangabiye alitembea mbele yangu hadi karibu na soko, mabega yameanguka ndani ya lile shati. Aliniomba msamaha, nikamwambia hana kosa. Halafu wazo likanijia. Sikuhitaji kumtafuta mtu mwingine. Sikutaka mtu mwingine. Na haikuwa tena habari ya kibanda wala mizani. Nilitaka kuwe na mtu mmoja chini ya jua hili anayejua. Nilimshika mkono akasimama, nikamwambia hapa hapa nitamweleza yote, baba yangu, kilima chetu, Kadutu, Louise, na watoto, na siku ile, na wiki ijayo tutarudi kwa yule kijana ajibu mwenyewe.

"Baba yangu aliitwa," nikaanza.

Irangabiye akainua kiganja chake chenye grisi kavu, karibu kabisa na midomo yangu.

"Hapana, Vieux. Usiniambie," akasema. "Leo ni huyu muzuri. Siku ingine itakuya mwingine, na hatauliza kwa kiti. Mi najijua, bakinipiga nitasema. Acha nisijue kitu. Vile njo nitakulinda."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu tangu nilipovuka mpaka, na sijawahi kuwa peke yangu kama pale. Alinivuta hadi kwa mama mmoja mwenye jiko la mkaa, akaninunulia hindi la kuchoma, akachagua laini kwa ajili ya meno yangu. Majina yote yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikauma hindi, nikayameza pamoja nalo.