Mshika Nafasi

Kaka yangu Masoud alipochomwa na msumari mguuni, alimwita binamu yetu Luqmani kutoka kijijini kwetu Tongoni, akamkabidhi koleo lake. Ndivyo wafanyavyo vijana wa kwetu wanaosaidia mafundi ujenzi hapa Tanga: mwenye udhuru huita ndugu amshikie nafasi, akipona ndugu humpisha.

Mguu ulipopona, Fundi Tadeo, bosi wake, alimwambia Masoud asubiri ataitwa. Luqmani akabaki kazini.

Jioni tulikaa mkekani chumbani kwetu, mtaa wa Makorora, wali ukipoa kwenye sinia. Nilijua anachowaza kaka. Kila mwezi humpelekea mama kijijini bati moja. Yalibaki machache kukamilisha paa, masika yanakaribia, na makuti ya zamani yameoza.

"Umenifanyia nini, Luqmani?"

"Wallahi sikukusudia, kaka. Fundi aliniuliza kama nitakubali pungufu ya unayolipwa wewe. Nikakubali. Kwetu hata hiyo sijawahi kuishika."

"Na inakutosha?" Swali lilinitoka tu. Nilitaka kujua kweli.

"Inatosha, dada Hafsa. Na nyingine namtumia mama."

"Kodi ya chumba unalipa?"

"Silipi."

"Na huu wali?"

Alilitazama sinia, kisha akamtazama wifi yangu Zuwena, mke wa Masoud. Zuwena akapiga makofi.

"Kumbe! Kumbe mimi ndiye ninayemlipia Tadeo kibarua wake! Mume wangu kafukuzwa kazi na sufuria yangu mwenyewe!"

Hata Masoud alicheka, ingawa hakutaka.

"Basi shemeji, kuanzia kesho utachangia kodi na mchele kama wenzio."

Luqmani alipiga hesabu kwa vidole, akanywea. "Hapo haifiki, shemeji."

"Haifiki, ee? Kamwambie Tadeo hivyo hivyo."

Asubuhi walikwenda wote wawili. Mimi nilibaki nikichungulia mlangoni. Hata jua halijakolea, nikawaona wanarudi, Luqmani kabeba koleo begani.

"Tumemwambia bila malipo ya zamani hatushiki kazi," Masoud alisema. "Kacheka. Kamchukua kijana mwingine aliyekuwa kasimama pale nje, kaja juzi kutoka milima ya Amani. Kakubali pungufu hata ya aliyolipwa Luqmani."

Nikauliza, "Huyo kijana analala wapi?"

"Kwa dada yake. Hapo mtaa wa pili, nyuma ya msikiti."

Zuwena alikwishasimama, anajitanda kanga.

"Hafsa, vaa viatu," akasema. "Mama hawezi kulala chini ya makuti yale masika yote. Twende tukamsalimie huyo dada, tumuulize leo kampikia nini kibarua wa Tadeo."