Mtetemo wa Mia na Kumi

Dila aliingia nyumbani Ijumaa saa nne asubuhi, begi begani, mdomo umejaa habari za chuo za miezi mitatu, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuzisikia. Mama yake, Mrika, alimbusu shavu hili na lile, akamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu. Baba yako yuko uani, anaaga gari."

"Anaaga nini?"

"Gari. Jumatatu linakwenda kwa wakata vyuma."

Begi lilidondoka hapohapo mlangoni.

Jamani, si gari lile! Ndue, baba yake, aliwatandazia Wagiriki vigae miaka kumi na minane mpaka magoti yakawa yanalia kama bawaba, na alichorudi nacho kwao Mirdita, Albania, ni gari hilo: jeusi, la Kijerumani, refu kama benchi la kanisa, viti vya ngozi vinavyonukia viatu vipya mpaka leo, ingawa lina umri wa kumzidi Dila. Na hakulinunua kwa majivuno, au tuseme hakulinunua kwa majivuno tu. Mrika alipoolewa mwaka wa tisini aliletwa na trekta la ushirika, kakalia gunia la mbolea, shela linaburura tope. Siku hiyo Ndue aliapa: bibi harusi mwingine atakayeingia nyumba hii ataingia kama malkia. Sasa Ndue ana mtoto wa kiume mmoja tu, Zef. Na Zef anaoa Jumapili. Yaani keshokutwa!

Dila alimkuta baba yake anapangusa boneti kwa kitambaa, taratibu, kama anayempangusa mgonjwa.

"Linatetemeka," alisema bila kugeuka. "Ukifika tisini linaanza. Ukifika mia na kumi meno yanagongana. Nimempelekea fundi Gjon mjini, kachomeka kompyuta, kaniandikia hii."

Ilikuwa karatasi nzima. Propela, ule mhimili mrefu wa kuzungusha magurudumu ya nyuma. Maunting za giaboksi, raba za kuishikilia. Mikono yote minne ya magurudumu ya nyuma. Shokomzoba. Chini kabisa, milioni mbili na laki nne, kwa leki za zamani, maana huku hakuna anayetaja bei kwa leki mpya ijapokuwa zilibadilishwa, sifuri moja ikafutwa, kabla Ndue hajazaliwa. Gari lenyewe ungeliuza usingepata hata nusu yake. Na spea zilitakiwa zitoke Ujerumani, wiki mbili.

"Basi siku isogezwe," Dila alisema, kisha akajiziba mdomo.

Siku ya kwenda kumchukua bibi harusi haisogezwi. Inyeshe mvua, ianguke theluji, pawe na maiti ndani ya nyumba, msafara unaondoka. Wazee walisema hata bibi harusi mwenyewe awe anakata roho, mnakwenda kumchukua.

"Kaka, mbona unajitesa?" Huyo alikuwa ami Mark, mdogo wake Ndue, aliyekuja kutoka Italia kwa ajili ya harusi. Alikuwa ameegemea jipu lake jeupe, kijiti mdomoni. "Hilo limekwisha. Mtoto wa watu atapanda langu. Lina viti vinavyokanda mgongo."

"Hata langu linakanda," Ndue alimjibu. "Mgongo, shingo na meno."

Ami Mark alicheka. Ndue hakucheka, na hapo ndipo roho ya Dila ilipokatika vipande viwili.

"Baba, nipe funguo."

"Wewe na ufundi wako wa karatasi?"

"Na hiyo aliyokupa Gjon ni nini, si karatasi? Mwaka wa nne nasoma mitambo, hujawahi kuniuliza hata namna ya kukaza nati. Nipe!"

Ndue alimtazama. Mrika, aliyekuwa amesimama na kikombe cha kahawa ya mumewe, alimsukumia kikombe mkononi na kumsukuma yeye mwenyewe ndani ya gari. "Nenda naye. Ukibaki hapa utaipangusa rangi yote."

Barabara kuu iko dakika tano tu kutoka nyumbani. Dila alishika usukani, baba kando yake na kikombe chake, na kwa muda ilikuwa raha tupu. Themanini, kimya. Tisini, kitu kikaanza kunguruma chini kwa chini. Mia. Mia na kumi, na kahawa yote ikahamia kwenye suruali ya Ndue.

"Umeona?" Ndue alipiga kelele. "Umeona!"

"Nimeona, baba, lakini tazama mikono yangu! Usukani umetulia. Kinachotetemeka ni makalio."

"Dila! Adabu!"

"Si ndiyo habari yenyewe! Kama ni magurudumu ya mbele, usukani ungecheza. Usukani hauchezi, kiti kinacheza. Basi ugonjwa uko nyuma. Sasa subiri." Aliitoa gia, akaliacha gari litembee lenyewe kwa mwendo uleule. Injini ikashuka, ikanong'ona. Mtetemo ukabaki palepale. "Si injini! Na maunting hazina kosa, injini imelala na bado tunacheza. Ni kitu kinachozunguka na gurudumu. Baba, hii ilianza lini?"

Ndue alikuwa anajifuta paja. "Wiki ya zege."

Wiki ya zege Dila alikuwa kwenye mitihani, lakini aliisikia kwa simu. Walimwaga zege la ghorofa ya juu, watakapoishi Zef na mkewe, na kama desturi kijiji kizima kilikuja na makoleo kumaliza kazi kwa siku moja. Lori la zege lilipofika, gari la Ndue lilikuwa limeziba njia.

"Ukafanyaje?"

"Nikaruka ndani, nikarudi nyuma haraka. Lori lilikuwa limeshaanza kumwaga, nikapita kwenye lile rojo. Lakini nililiosha! Siku ileile, mara mbili! Na kesho yake tena!"

Hilo Dila hakulitilia shaka. Huku mwanamume mwenye gari chafu ni kama mwanamume aliyetoka nyumbani bila suruali. Kila hatua mia mbili kuna mtu amesimama na mpira wa maji anakungoja akuoshee gari. Gari la baba yake ungeweza kunyolea ndevu kwa kujitazama mlangoni.

"Na Gjon alifungua magurudumu?"

Ndue alirudi kujifuta paja.

"Baba?"

"Alichomeka kompyuta."

"Kompyuta haina macho, baba!" Akakata kona kutoka barabara kuu bila kuuliza, na Ndue alipoona wanakoelekea akashika mlango.

"Huko siendi. Kwa Pashk? Anayeziba pancha za matrekta? Alisema nini kuhusu gari langu wakati wa Pasaka? 'Bibi kizee kajipaka wanja.' Mbele ya watu!"

"Basi funga macho. Anayeendesha ni mimi."

Pashk alitoka kwenye kibanda chake na mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Aliliangalia gari, akamwangalia Ndue, akaangalia suruali ya Ndue.

"Karibu, jirani. Umeogopa nini mpaka ukajikojolea?"

"Ni kahawa," Ndue alinguruma.

"Ami Pashk," Dila aliingia kati, maneno yanamtoka mbiombio, "gurudumu la nyuma, kushoto na kulia, tafadhali, harusi keshokutwa, na usimchokoze, leo hana ngozi, ukimgusa tu anaumia."

Pashk alipandisha jeki, akafungua nati. Rimu kwa nje ilikuwa inameremeta kama sahani ya padri. Ndue alikohoa, kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha Pashk akaligeuza gurudumu.

Ndani, upande ambao hakuna mpira wa maji unaofika, lilikuwa limeganda pande la zege, bapa, la kijivu, kubwa kama ndala ya mtu mzima.

Dila ndiye aliyeanza kurukaruka.

"Ndue," Pashk alisema polepole, "watu hujenga ghorofa juu ya nyumba. Wewe umejenga kwenye gurudumu."

Na Ndue, ambaye hakuwa amecheka wiki tatu, alicheka mpaka akakaa juu ya tairi la trekta.

Pashk alilibandua zege kwa patasi, kidogokidogo asijeruhi rimu. Gurudumu la kulia nalo lilikuwa na lake, dogo. Akayapima yote mawili kwenye mashine, akabandika virisasi vya kuyasawazisha. Kisha, bila kuambiwa, akajilaza chini ya gari na tochi.

"Gjon naye hakukosa yote," sauti yake ilitoka huko. "Hii raba ya kwenye propela imepasuka pembeni. Si kitu kikubwa. Itakupeleka Kukës kwa kina bibi harusi na kukurudisha, mradi usikanyage mafuta kwa hasira. Ukimaliza harusi lete tuibadilishe. Hayo mengine aliyokuandikia, mikono na nini, ni mazima."

"Nilimwamini," Ndue alisema, "kwa sababu alivaa glavu."

Walirudi barabarani, safari hii Ndue kwenye usukani. Pashk alikuwa amewapa kahawa, na Dila alikishikilia kikombe magotini kwa mikono miwili kama anayebeba yai. Tisini. Mia. Mia na kumi. Kahawa ilitikisika kidogo tu, kama ngozi ya mtu aliyelala. Alimgeukia baba yake washangilie pamoja, lakini Ndue alikuwa anatazama mbele, anaupapasa usukani kwa kidole gumba, na Dila akaona amwache.

Pashk alikataa kulipwa. Basi Jumamosi Ndue alivaa koti, akachukua taulo jeupe, lile tunalofunga kwenye vioo vya magari ya msafara, akatembea kwa miguu mpaka kibandani na kulifunga mwenyewe kwenye kioo cha kigari kibovu cha Pashk.

"Utakuwa wa pili," alimwambia. "Nyuma yangu. Mark atakuwa wa tatu."

Jumapili walikwenda, Zef akingoja nyumbani kama desturi, wakamchukua Flutura, wakageuza. Bibi harusi anatakiwa alie akitoka kwao, na Flutura alilia vizuri, kila mtu aliridhika. Lakini alikuwa hajalala siku mbili. Kabla hawajaingia kwenye lile handaki refu la barabara kuu kichwa chake kilikuwa kwenye dirisha, na kwenye mia na kumi Dila, aliyekaa kando yake, alimsikia anakoroma.

"Baba!" alinong'ona. "Kalala! Kichwa kiko kwenye kioo na kalala!"

"Nyamaza basi," Ndue alisema, akitabasamu mpaka masikioni. "Utamwamsha."

Nyumbani Mrika alikuwa anangoja kizingitini na bakuli la asali. Alimshusha mkwewe garini kwa mkono wake, akamchovya vidole, akamwacha apake juu ya mlango ili ndoa iwe tamu, watu wakashangilia wakaingia ndani na muziki ukaanza. Dila alikuwa wa mwisho uani. Ndiyo maana yeye peke yake aliona mama yake anavyorudi, anashika mkunjo wa gauni lake, anafungua mlango wa nyuma wa gari na kuketi katikati ya kile kiti cha ngozi, wima, mikono magotini.

"Mrika, wageni!" Ndue alisema.

"Wana muziki, hawatatutafuta. Mimi niliingia hapa juu ya gunia la mbolea." Alirekebisha kitambaa chake kichwani. "Nizungushe, Ndue. Na uifikishe hiyo mia na kumi yenu, nami niione."