Dawa ya Pua ya Danson

Valvu ya moyo wa Danson ilikuwa imechakaa, lakini kilichomtia Mable hofu zaidi ni ukarimu wa huyo mumewe.

Daktari alikuwa amewaeleza vizuri. Puani hukaa vijidudu visivyo na neno siku zote, ila kifua kikishapasuliwa huweza kuingia kidondani na kummaliza mtu ambaye moyo wake umeshatengenezwa. Kwa hiyo siku tano kabla ya upasuaji, asubuhi na jioni, Danson apake dawa matundu yote mawili ya pua, bila kuruka hata mara moja. Akapewa kityubu cha ukubwa wa kidole.

Siku ya kwanza tu, majirani wa kijiji chao cha Mraru wakamiminika kumpa pole, pua zimewaziba kwa vumbi. Festus, mzee wa kanisa, akaiona tyubu mezani.

"Dawa ya pua, na imetoka kwa daktari wa moyo? Nigawie kidogo, ndugu yangu."

Mgeni hanyimwi. Loise, jirani wa nyumba ya pili, akapata, na wifi yake pia. Kufikia jioni, Mable aliikamua tyubu kwa mpini wa kijiko ili mgonjwa mwenyewe apate tone.

"Baba Wendy, unataka waje matangani kwako na pua safi?"

"Sasa ningewaambiaje, Mama Wendy?"

Mable alitamani kulia. Badala yake, kulipokucha, alidamka kwenda kemisti ya Voi, akarudi na tyubu mpya, akaifunika plasta na kuiandika kwa kalamu nene: DAWA YA BAWASIRI.

Wageni waliisoma, wakakohoa, wakaomba chai. Hakuna aliyeigusa tena. Ila jioni ya tano Festus aliingia bila hodi, akamkuta Danson anajipaka puani kutoka tyubu ile ile. Akatoka kinyumenyume, kofia mkononi.

Miezi miwili baada ya upasuaji Danson alikaa kiti cha mbele kanisani, kidonda kimefunga bila usaha. Festus akaongoza sala.

"Bwana, tunakushukuru kwa moyo wa ndugu yetu. Na ile bawasiri iliyompanda mpaka puani, Bwana, wewe umeishusha!"

Danson alitamani ardhi immeze. Akamgeukia mkewe amtetee, lakini Mable, machozi ya furaha yakimtiririka, alikuwa ameshapaza sauti kuliko kanisa zima: "Amina!"