Nguzo Ndani ya Theluji

Bisimwa hakuwa mtu wa kuamini haraka. Risiti ya bucha aliisoma mbele na nyuma, na kwenye ghala la Wetherill Park alikofanya kazi, wenzake walimwachia yeye kukagua mizigo inayoingia, maana walijua hakuna dereva atakayempiga chenga. Kwa hiyo alipotaka kumtafutia mama yake fundi wa bustani huko Edmonton, Kanada, hakumwachia kazi hiyo Darlène, mdogo wake anayeishi na mama. Fundi huyo alimtafuta mwenyewe kwa simu, akiwa kwake Guildford, Sydney.

Alitaka kitu kimoja tu: njia ya mawe kutoka mlango wa jikoni hadi barabarani, yenye reli ya kushikilia, ili mama atoke nje kwa miguu yake mwenyewe. Mwanamke aliyewatoa watoto wake vitani kwa kutembea, leo ashinde dirishani kwa sababu ya theluji? Bisimwa hilo lilimuuma. Miaka mingi alikuwa mbali naye, na njia hiyo ndiyo zawadi aliyoona anaweza kumpa. Roho yake yote ilikuwa humo.

Watu wa kanisa la kule wakampa namba ya Melchior, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, mwenye gari lake na vifaa vyake. Mwezi wa Novemba wakaongea kwa video. Melchior akauzunguka uwanja, akasikiliza yote, kisha akasema jambo lililomkaa Bisimwa kooni.

"Kaka, kazi naichukua. Lakini mawe tutayalaza mwezi wa tano. Sasa hivi ardhi imeganda, haichimbiki. Hata nikilazimisha, barafu ikiyeyuka mawe yatakaa upande upande, na mama ataanguka."

Bisimwa alizaliwa Bukavu, Kongo, na sasa yuko Sydney, na katika miji yote miwili hajawahi kuona udongo unaomkatalia mtu jembe. Malipo ya kuanzia yapokewe leo, kazi ifanyike mwakani? Akamwambia mkewe, Nicole, "Huyu anatafuta muda wa kunilia pesa vizuri."

"Au anakuambia ukweli," Nicole akajibu, huku akikunja nguo. Bisimwa hakulihesabu hilo kuwa jibu.

Tangu siku hiyo akawa mpelelezi. Akipiga simu kumtaka mama, Darlène anasema amelala. Akipiga tena, anaoga. Akisema amuonyeshe uwanja, Darlène anajibu kwamba kuna theluji tu, ataona nini. Ikafika mahali Bisimwa akaanza kuunganisha mambo ambayo hakuna aliyemwomba ayaunganishe: fundi hana mke, dada yake hana mume, na wote wawili wakiulizwa swali wanajibu neno moja moja. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo, akaenda nalo kazini.

Januari, joto la Guildford likiwa limewafukuza hata kunguru kwenye nyaya, ikaingia picha kutoka kwa Darlène. Mama yuko dirishani na sweta jipya, anaangalia pembeni. Picha nzuri, mtu mwingine angeshukuru akaendelea na chai yake. Bisimwa aliivuta picha kwa vidole viwili, akaipita sura ya mama, akaenda hadi nje ya kioo. Kwenye theluji zilisimama nguzo mpya za mbao, moja, mbili, na nusu ya tatu.

"Njoo uone," akamwita Nicole. "Ardhi haichimbiki, eti. Hizi nguzo zimeota?"

Nicole aliitazama picha kwa muda. "Usipige na hasira," akasema. Lakini alikuwa ameshapiga.

Sydney ilikuwa Jumapili asubuhi, na kule Jumamosi mchana. Melchior alipokea akiwa amejifunika hadi pua, nyundo mkononi.

"Uko wapi?" Bisimwa akauliza.

"Kwa mama."

"Nionyeshe uwanja."

"Kaka, ingefaa uongee kwanza na dada yako."

"Aliyekuajiri ni mimi. Geuza simu."

Melchior akaigeuza. Njia haikuwepo. Kulikuwa na uzio wa mbao unaozunguka uwanja wote, mrefu kuliko mtu, na geti moja ambalo halijamalizika.

"Nilikuagiza njia, wewe umemjengea mama yangu gereza. Na ulinidanganya kuhusu ardhi."

"Sikukudanganya. Kila shimo nililifunika kwa pipa lililokatwa, nikawasha mkaa chini yake mpaka udongo ukalainika. Kazi ya kichaa hiyo, hakuna anayeifanya kwa hiari. Njia inaweza kungoja, kaka. Huu uzio ulikataa kungoja."

Mlango wa jikoni ukafunguka, Darlène akatoka na kuichukua simu. Alikuwa amekonda. Bisimwa aliona hilo kwanza, na likamtisha.

"Ni miye nilimukataza akuambie, yaya," akasema; ndivyo alivyomwita kaka yake tangu utotoni. "Mama iko anatoka. Mimi nikifumba macho kidogo, yeye ameshafika barabarani, na kandambili, bila koti. Ile mara ya mwisho ni polisi njo walimurudisha. Vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi. Siku zingine hata jina yangu haikumbuke."

"Na mimi hamkuniambia?"

"Wewe ungesema siko namuangalia. Kila siku unaniuliza sawa juge, sawa hakimu. Ningekuambia namna gani?"

Bisimwa aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumpandisha mtu joto masikioni. Alikuwa amemchunguza kila mtu katika nyumba ile isipokuwa mama mwenyewe, aliyekuwa akimpigia simu.

Darlène akamrudishia Melchior simu na kwenda kumshika mama, maana naye alikuwa ametoka, amevaa koti safari hii, mkoba begani. Alimpita binti yake akaenda moja kwa moja kwenye geti. Akalisukuma, lakini lilikuwa limefungwa kwa kamba. Kisha akamgeukia fundi kwa adabu, kama anavyoongea mtu na mgeni.

"Mwanangu, nifungulie. Nimechelewa. Naenda kwa Bisimwa."

Guildford, Nicole akaja akasimama nyuma ya mumewe.

"Kila mara anasema hivyo hivyo," Melchior akasema taratibu. "Kaka, limebaki komeo. Likiwa chini, atalifungua. Dada yako ameshindwa kuamua, na mimi ni fundi tu. Wewe ndiye mkubwa wao. Niliweke au nisiliweke?"

"Liweke," Bisimwa akasema. "Juu, mahali asipofika."

"Basi ngoja nipime." Melchior akaisimamisha simu juu ya boksi la vifaa, akatoa penseli. "Mama, nyoosha mkono. Juu kabisa."

Mama akanyoosha. Alinyoosha wote wawili, kwa furaha, kama yuko kanisani, akasimama hata kwenye ncha za viatu. Melchior akachora mstari kwenye nguzo, kidogo tu juu ya vidole vyake, kisha akaangalia simu kusubiri.

"Ongeza kidogo," Bisimwa akasema.