Huruma Iliyovuka Bahari

Siku ya sita baada ya kuchanjwa ndui, mkono wa Ma Theopista ulivimba na homa ikamlaza. Walimtandikia mkeka mlangoni, upande unaotazama kibanja, shamba la ukoo la migomba. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani tangu alfajiri, ukameza mgomba mmoja baada ya mwingine, hata ikawa kama shamba lote linaelea.

Humo ukunguni akaona watu. Walikuja bila sauti, akina mama wamebeba watoto mgongoni, wanaume wamejifunika magunia. Akadhani ni homa. Kisha mmoja akapiga magoti mbele yake, naye akamtambua: Nyandwi, mke wa Mrundi aliyemchumia kahawa tangu mwaka juzi.

"Ma, kambini kwetu watu wawili wametokwa na vipele," akasema. "Mume wangu ni mmojawapo. Tumesikia mganga wa chanjo anarudi leo."

Ilikuwa miaka ile kahawa ilipopanda bei, Muleba ikajaa mabati mapya na baiskeli. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeleta chanjo kwa wakulima. Kambi ya vibarua, kule rweya kwenye nyika ya majani, haikuandikwa popote.

Daktari alifika jua likiwa jeupe kama maziwa. Alikuwa Mwingereza kijana, mpole, mwenye Kiswahili cha kitabuni. Aliukagua mkono wa Theopista, akaridhika. Ndipo akawaona waliokaa chini ya migomba.

"Hawa ni Warundi, watu wa Mbelgiji," akasema polepole. "Dawa iliyobaki ni ya wakulima wa kijiji cha Kanazi."

Theopista akainuka, akashika mwimo wa mlango. Dunia ilimzunguka taratibu.

"Bwana Daktari, kutoka kwenu mpaka hapa ni safari ya muda gani?"

"Kwa meli, karibu mwezi."

"Na Urundi?"

"Siku chache kwa miguu."

"Nyinyi mna mali na viwanda vya dawa, mkaona si haki sisi tufe. Hakuna aliyesema Muleba si Uingereza. Sasa huruma iliyovuka bahari yote hiyo, ije ichokee hapa uani kwangu?"

Mtoto wa Nyandwi alikuwa amemtambalia Daktari, anavuta kamba ya kiatu chake. Daktari akainama, akamtazama, kisha akamwita msaidizi wake.

"Kaijage, fungua sanduku."

Dawa iliwatosha watu arobaini. Kumi na mmoja wakabaki. Kaijage akapanda baiskeli kwenda Bukoba na barua ya kuomba nyingine, ya hao na ya Kanazi. Theopista akatoa ghala lake la kahawa, wale wawili wenye vipele wakaletwa, wakalazwa humo. Kila asubuhi aliwapelekea uji.

Dawa mpya ilifika baada ya siku tisa. Hakuna mwingine aliyeugua, wala Kanazi haikupatwa. Lakini mume wa Nyandwi alikuwa amekwisha kufa.

Ta Rwegasira, ndugu wa marehemu mume wa Theopista, alikuja na jembe, akauliza kaburi lichimbwe wapi.

"Pale, karibu na ndugu yako."

"Mgeni, ndani ya kibanja?"

"Ndani ya kibanja."

Majani ya migomba yakamdondoshea Rwegasira maji begani. Kisha akavua koti, akaanza kuchimba.