Mti wa Mzee Wembe

Kila jioni Fundi alipofika nyumbani, kabla hata hajavua viatu, baba yake, Mzee Wembe, alimuuliza swali moja tu.

"Mti wangu vipi?"

Naye, macho makavu, alijibu, "Mzima, Baba."

Uongo mtupu. Mti ulikuwa mahututi. Ulikuwa wa kimo cha mtoto wa chekechea, umepandwa kwenye chungu kikubwa cha udongo mlangoni mwa saluni yao ya kunyolea, wa ile aina yenye majani madogo mazito yanayong'aa, isiyopukutika mwaka mzima. Mzee Wembe aliupanda mwaka ule binti yake Fundi alipoanza kutambaa. Kwa miaka karibu thelathini aliupunguza kila Jumatatu, siku saluni inapofungwa, mpaka ukawa mviringo safi, na wateja wakatania kwamba ndiye mteja pekee asiyejitikisa kitini. Sasa upande mmoja ulikuwa wa kahawia, na upande wa pili ulikuwa na majani ya kuhesabika.

Habari yenyewe ilianza miezi kumi na moja nyuma, mkono wa kulia wa mzee ulipoanza kutetemeka. Alisingizia uchovu, akasingizia baridi. Siku mashine ilipomteleza ikamchana mteja sikioni, damu kidogo tu, na mteja mwenyewe akacheka, mzee alivua aproni, akaitundika, akaenda nyumbani. Hakurudi. Hospitali hakutaka hata kuisikia. "Nikaambiwe nini?" alisema, na mjadala ukaishia hapo. Akawa mtu wa kukaa kitini na kutazama ukuta, chakula mpaka abembelezwe. Habari za wateja hakuzitaka, za majirani hakuzitaka. Alitaka za mti tu. Ndiyo maana Fundi alidanganya. Aliamini kwamba siku baba yake atakapojua mti umekufa, hatauliza tena kitu chochote.

Si kwamba aliutupa kabisa. Kazi ya watu wawili ilimwangukia peke yake, akawa anapita mlangoni mbiombio, anaumwagia kopo la maji bila kuutazama. Na kila jioni alipomaliza kufagia, alizoa nywele zote za siku akazimimina ndani ya chungu, maana tangu utotoni alimwona baba yake akitia nywele humo. "Nywele ni chakula cha mti," mzee alikuwa akisema. Basi yeye akaulisha, tena akazishindilia vizuri kwa kiganja. Vichwa vya mtaa mzima viliishia kwenye chungu kile.

Jumanne moja mteja mmoja, bonge la mtu, aliuegemea akifunga kamba za viatu. Tawi likasema ka! Fundi aliliokota, akalivunja tena kwa vidole viwili. Lilikuwa kuni. Alifunga saluni mchana kweupe, akaomba toroli kwa seremala wa jirani, akausukuma mti mpaka kwa Mama Miche, mwanamke aliyeuza miche kando ya barabara mitaa miwili kutoka hapo, na ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jembe lake.

"Umemfanya nini mwenzio huyu?" Mama Miche aliuliza, mikono kiunoni.

"Namwagilia kila siku, mama. Haki ya Mungu."

"Kila siku?" Mama Miche alikiinamisha chungu, nacho kikakubali upesi mno. "Mbona chepesi hivi? Lete maji."

Alimimina kopo zima. Maji yalizungukazunguka juu, yakateremka pembeni, yakatokea chini masafi kama yalivyoingia. Mama Miche akakunja uso. Alichomeka kisu, hakikuingia. Akavuta kwa vidole vyote kumi, akang'oa kitu kama kipande cha zulia kuukuu, cheusi, chenye mvi hapa na pale.

"Yarabi! Nini hiki?"

"Nywele," Fundi alijibu kwa sauti ya chini.

"Za nani?"

"Za watu wote."

Mama Miche alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Alipopata pumzi alimweleza kwamba nywele zimeshikamana, maji hayapenyi, yanapita kandokando, na mizizi ya katikati inakufa kwa kiu huku mtu anamwagilia kila siku ya Mungu. Akaukwaruza mti kwa ukucha. Kahawia. Akashuka chini karibu na udongo, akakwaruza tena. Kijani, kidogo tu, lakini kijani.

"Hajafa," alisema. "Amekaribia, lakini hajafa."

Walitoa zulia lote, wakakizamisha chungu kwenye karai mpaka mapovu yakakoma. Kisha Mama Miche akafuta mikono.

"Sasa kuna kukata. Na hapo nisikudanganye. Mimi nauza vichanga, wiki mbili wameondoka. Mzee kama huyu nikikosea tawi nitammalizia. Nani aliyemlea?"

"Baba yangu."

"Yu hai?"

"Yupo."

"Sasa mimi unaniuliza nini?"

Jioni ile Fundi aliurudisha mti saluni, kisha akapita nyumba yao mara mbili kabla ya kuingia. Mzee alikuwa kitini kwake, anatazama ukuta wake.

"Mti wangu vipi?"

"Unakufa, Baba." Alijikaza kisabuni akasema yote kwa mkupuo mmoja, tawi, toroli, nywele, na ule uongo wa kila jioni. Alichokiogopa hakikuwa ugomvi. Aliogopa kumwona baba yake akitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekwisha kulitarajia jambo hilo, halafu arudi ukutani.

Mzee Wembe aligeuka.

"Nywele zote?"

"Zote."

"Za kutwa? Kila siku?"

"Si wewe ulikuwa unazitia..."

"Konzi moja!" Mzee alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Konzi moja ya nywele za Jumamosi! Na Jumatatu nazitoa za zamani, nafukua udongo kwa uma! Wewe mtoto, ulikuwa unanitazama mimi au unatazama nini?"

"Jumatatu sikuwepo, Baba. Kila Jumatatu ulinifukuza nikapumzike."

Ilikuwa kweli. Alimfundisha binti yake kunoa wembe, kushika kichwa cha mtoto anayelia, kumnyamazisha mlevi. Jumatatu zake tu ndizo alizozificha. Mzee akakiinua kiti.

"Viatu vyangu viko wapi?" aliuliza.

"Giza linaingia, Baba."

"Basi asubuhi. Na usiniamshe, nitakuamsha mimi."

Fundi aliingia jikoni, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga huku anacheka. Baba yake alikuwa amekasirika, amekasirika hasa, na yeye hakukumbuka siku aliyofurahi kama ile.

Asubuhi mzee alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa saluni, mti mbele yake, mkasi mkononi. Alijaribu tawi la kwanza. Mkono ulitetemeka, mkasi ukaenda kando, ukaangusha jani zima, moja katika yale ya kuhesabika. Alijaribu tena, likaanguka la pili. Fundi alitamani kumpokea mkasi, akajizuia kwa kujishika mikono nyuma. Mzee alitazama majani yale mawili chini kwa muda mrefu. Kisha akaunyosha mkasi upande wa binti yake bila kumwangalia.

"Kata wewe. Mimi nitasema."

Ikawa kazi na ugomvi. Fundi, kinyozi wa kuzaliwa, mkono wake ulitafuta mviringo wenyewe.

"Acha kumpamba!" mzee alifoka. "Haendi harusini huyu. Ingia ndani. Hapo. Chini zaidi. Toa cha katikati, mwanga ufike."

"Atabaki kituko, Baba."

"Abaki kituko, lakini abaki."

Walipomaliza, palikuwa na vijiti vitano na majani tisa. Mteja wa kwanza alisimama akauzunguka mti.

"Huyu kafanya kosa gani?"

Mzee Wembe akaangua kicheko. Kilimtoka na kikohozi ndani yake, maana hakikutumika siku nyingi.

Tangu hapo Jumatatu zikawa za watu wawili. Walifukua udongo kwa uma, wakazamisha chungu, wakasubiri. Wiki ya pili hapakuwa na kitu. Wiki ya nne majani mawili yalianguka, na Fundi hakulala vizuri.

Jumatatu ya saba Fundi alikuwa ameinama akipangusa chungu alipoona vidonda vidogo vya kijani kwenye kijiti kilichokatwa vibaya kuliko vyote, kile alichoapa kwamba ni kuni. Havikuwa vidonda. Vilikuwa vichipukizi, saba, vimejikunja bado.

"Baba."

Mzee aliinama. Alipeleka kidole, kidole kikatetemeka, na kichipukizi kikatetemeka nacho. Hakukiondoa kidole. Alikaa hivyo, macho yamemlowa, bila kuyaficha.

"Kesho usifungue asubuhi," alisema hatimaye.

"Kuna nini kesho?"

"Unipeleke hospitali. Wanitazame huu mkono. Peke yangu siwezi. Naogopa."

Maisha yake yote Fundi hakuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa baba yake. Alitafuta la kumtuliza, la kusema si kitu, yataisha, akaona huo utakuwa uongo mwingine.

"Hata mimi naogopa, Baba," alisema.

"Basi tutakwenda waoga wawili."

Fundi aliingia saluni, akatafuta kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito, akaandika kwa herufi kubwa kwamba kesho watafungua saa nane mchana. Mzee alikisoma, akasema herufi zimepinda, akakishikilia mlangoni kwa mikono yote miwili mpaka binti yake alipomaliza kukigongomea.